Khabari za Maryam na Ile Sukari ya Mimba

Matrah, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi, mume wangu Saidi na mjukuu wako Maryam sote tu wazima, alhamdulillahi. Naomba barua hii ikukute na wewe mzima, na goti limepunguza kukuuma. Nimesikia mdogo wangu Zuwena ana mimba. Nilifurahi sana, kisha nikaingiwa na khofu, ndiyo maana leo nnakuandikia kwa urefu.

Nilipokuwa na mimba ya Maryam nilishikwa na kiu isiyokatika. Nakunywa na ulimi bado mkavu. Aliyeshtuka ni wifi yangu Rahma, dada yake Saidi, yule aliyebaki huku miaka yote Saidi alipokuwa Unguja. Akanipeleka hospitali. Nesi wa Kihindi akachemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, ikageuka nyekundu kama tofali. Daktari akasema nna sukari iliyokuja na mimba, na isipotulizwa inamfikia mtoto. Nikapangiwa sindano kila siku, nikakatazwa tende na halua.

Mama, huku ukikataa tende za mwenyeji umemvunjia heshima. Kila tulipokwenda kwa watu Rahma alikaa ubavuni pangu, akawaeleza yeye, maana Kiarabu changu cha kuokoteza. Na nyumbani aliacha vitu vitamu yeye pia, nisile peke yangu chakula cha mgonjwa.

Maryam alizaliwa mkubwa, wanawake wakamsifu unene. Haukupita muda akalegea, akawa anatetemeka, ziwa halitaki. Nesi akasema mtoto alizoea sukari yangu tumboni, sasa ya kwake imeshuka ghafla. Akamtia maji ya glukosi tone kwa tone mpaka akafungua macho. Nilimuuliza daktari kama akili ya mwanangu imedhurika. Saidi akanitafsiria jibu lake: "Huenda akachelewa kusema na kufahamu, huenda asichelewe. Sijui. Zungumza naye sana."

Alichelewa. Watoto wenzake wanasema, yeye anaashiria kwa kidole. Majirani wakadai lugha mbili zimemvuruga, na Saidi naye akataka tumsemeshe Kiarabu tu. Nililia, Mama. Rahma ndiye aliyemkatalia kaka yake. Alimwambia, "Mama yake atamwambia nini kwa lugha asiyoijua? Mwache amsemeshe anavyojua." Basi nikawa nnazungumza naye nikifua, nikikuna nazi, nikimwogesha. Rahma kwa upande wake akimtajia kwa Kiarabu kila kitu cha jikoni.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapika. Rahma akaniomba kitu kwa Kiarabu, nikampa upawa. Akatikisa kichwa, nikampa sufuria. Maryam alikuwa sakafuni anachezea vitunguu, naye mpaka siku hiyo hajawahi kuunga zaidi ya maneno mawili. Akanitazama, akasema, "Mama, shangazi anataka kawa." Kumbe alitaka cha kufunikia wali. Kisha akamgeukia Rahma, akamwambia kwa Kiarabu angoje, mama hajafahamu.

Rahma alikaa chini palepale. Mimi niliacha wali ukaungua. Saidi aliporudi tukamweleza, akambeba mwanawe akatoka naye uani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Nnamshukuru Mungu, na yule nesi, na Rahma ambaye sijui nitamlipa nini. Kwa hivyo nakuomba, Mama, mpeleke Zuwena akapimwe mkojo. Asione haya, wala asingoje mpaka ashikwe na kiu. Na akijifungua mtoto mnene watu wakashangilia, wewe mtazame kama ananyonya.

Nisalimie Baba, na Ami Hamadi anayekusomea barua hii, na Bibi aliyenilea. Mwambie Zuwena nnamuombea kila sala. Rahma anakusalimu, hajakuona, lakini anakuita mama.

Mimi mwanao Salma, ninayemsemesha mwanangu kwa maneno uliyonifunza wewe.