Upande wa Chini wa Tandiko

Saidi, mume wangu wa utani,

Hujambo huko chuoni? Hapa kijijini Nandagala mikorosho imechanua, na mama yako mzima. Unauliza kilichonifanya nikuache nikaolewa na fundi wa ngozi!

Alinipa kazi ya kushonea shanga tandiko la punda, la igizo la misafara ya zamani. Alikuwa ameshaniposa, nami nasitasita. Siku hiyo nikamwona anaukwangua na kuulainisha upande wa chini, anarudia tena na tena. Nikataka kujua.

“Mzee, huko watazamaji wataonaje?”

“Na punda je? Mgongo si wake?”

Nikaiweka sindano chini.

“Ile posa yako,” nikamwambia, “nimekubali.”

Aliendelea kulainisha, mikono ikirudia palepale palipokwisha kulainika. Nikiikumbuka mikono ile, natabasamu peke yangu jikoni kama msichana.

Bibi yako, bibi harusi