Shija Alipokwenda Kishapu Bila Ngoma

Mama Kulwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima zote, mimi Msimamizi wa Kazi wa Nyumba yetu hapa Samuye nakutangazia rasmi kwamba benchi refu la kulia chakula limevunjika. Limevunjika Jumanne saa saba mchana, nikiwa nimelikalia peke yangu. Uchunguzi ulifanywa palepale na Holo wa jikoni. Alilitazama benchi, akanitazama mimi, akalitazama tena benchi, kisha akatoa hukumu mbele ya watu wote: "Benchi halina kosa." Walicheka mpaka mlenda ukapoa. Hata Ng'wandu, ambaye hufungua mdomo kwa kula tu, alicheka.

Ungekuwapo ungesema nilianza kunenepa siku ileile tuliyokuzika, kwa kuwa hakuna tena wa kuniondolea sahani mbele. Huo ni uzushi. Au tuseme ni uzushi nusu.

Mengine yaliyobadilika si mengi. Paa la jiko tumeliezeka upya. Mwanao Doto, yule pacha wa pili, amepata mtoto wa kike na wamempa jina lako, na analia kwa sauti yako pia, hata mwanzo wa kijiji wanasikia. Watu wetu bado wanakutafuta asubuhi. Wanasimama kwenye mstari na majembe yao, wanatazama mlango wa chumba chako, halafu wananitazama mimi kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa kuku.

Sijui kama niliwahi kukuambia jinsi nilivyokuogopa siku ya kwanza. Nilitoka kwenye ghala la pamba, kalamu sikioni, najiona msomi. Nilidhani Nyumba hii ni mahali pa kuwafungia wale ambao kule vijijini wanawaita mazezeta. Nililitamka neno hilo mbele yako mara moja tu. "Karani," uliniambia, "hawa ni watu ambao akili zao zinashika mambo polepole. Wewe yako inashika upesi na kuachia upesi. Sasa nani kati yenu ana shida?" Kisha ukanipa jembe.

Na ngoma ile! Nilikuwa nikiicheka, Mama, nakiri. Mtu wetu ukimwambia "lima mpaka pale kwenye kichuguu," anapiga jembe mara tatu, anasimama, anatazama ndege. Si uvivu, ni kwamba kile kichuguu kimeshamtoka kichwani. Wewe ukawapanga kwenye mstari mmoja kama wazee wetu wanavyolimishana, ukakaa mbele na ngoma kwapani, ukapiga. Mikono ikafuata. Kichwa hakikuhitaji kukumbuka lolote, ngoma ilikuwa inakumbuka kwa niaba yake. Bwana Shamba alipokuja na kamba yake kupima matuta ya pamba aliyakuta yamenyooka, akaikunja akairudisha mfukoni. Na mbele ya wote alikuwa Shija, mtu mzima mwenye mgongo kama mlango, akilima kana kwamba amezaliwa ndani ya mlio ule.

Ndiyo, Mama. Barua hii ni ya Shija. Nimezunguka na benchi kwa sababu ni mwoga.

Unamkumbuka Mbula, mama yake, alivyokuwa akija kutoka Kishapu kila baada ya mavuno na karanga zake kwenye kikapu. Alikaa nje ya uzio akiwasikiliza mkilima, kisha akakuita mama kwa Kisukuma na kuuliza swali lake lilelile: "Mayu, atarudi lini?" Nawe ukamjibu lilelile: "Siku mtu wa kwenu atakapokuja kulima naye hapa majuma matatu." Hakuweza. Mume wake alikuwa migodini Geita miaka yote hiyo, na ng'ombe walimtazama yeye peke yake. Alikuwa akiondoka bila kulalamika, na wewe siku hiyo hukula.

Sharti lako la majuma matatu mimi niliona ni ukaidi wa kizee. Nilikuwa nikiwaambia wageni, ukiwa hupo karibu, kwamba Mama Kulwa anawaweka ndugu karantini kama ng'ombe wenye sotoka. Kumbe ulikuwa ukiwafundisha mlio wa mtu wao.

Siku zile za mwisho, ukiwa umelala na mkono wako ukigonga ukingo wa kitanda, ulisema, "Shija arudi kwa mama yake. Lakini taratibu, karani. Taratibu." Mimi nikabeba nusu ya kwanza ya maneno yale, nusu ya pili nikaiacha kaburini kwako.

Kwa maana baba yake alirudi kutoka Geita kabla ya mvua za kwanza. Alikuja mwenyewe kumchukua mwanawe, mzee mpole, hata hakujua amwiteje. Na juma lililofuata Kamati ya chama kinachoitunza Nyumba yetu ilikuwa inakuja kuona kama Nyumba inaweza kwenda bila wewe. Fikiria mwenyewe, Mama, mtu kama mimi! Niliona kichwani mwangu nikisimama mbele yao na kusema: mmoja wetu amerudi kwao, analima shamba la baba yake. Sikumwambia mzee habari ya majuma matatu. Nilimnyooshea Shija shati kwa pasi, nikampa jembe jipya, nikatoa hotuba. Holo aliniuliza, "Na ngoma?" Nikamjibu kwamba Kishapu kuna ngoma nyingi.

Kamati ilinipigia makofi.

Miezi miwili baadaye mchuuzi wa ng'ombe aliyepita mnadani Kishapu alimwambia Holo kwamba yule Shija wenu anafungwa kamba. Kesho yake alfajiri nikapanda baiskeli. Watu wetu niliwaambia nakwenda kusalimia tu. Kamati niliiandikia baadaye: "Nimemtembelea, nimemkuta salama." Wewe nakuambia ilivyokuwa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kivulini, mguu wa kulia umefungwa kwa kamba ya ng'ombe kwenye mti wa zizi. Alikuwa msafi. Alikuwa ameshiba. Mbula alimwogesha na kumlisha kila siku, na kila siku alifumba macho wakati mume wake akikaza fundo. Kamba ilikuwa imekula ngozi mpaka pakafanya kidonda.

Shija aliponiona alinisalimu, "Mwangaluka, karani," vizuri kabisa, kama ulivyomfundisha. Halafu akachungulia nyuma yangu, kwenye kiti cha mizigo cha baiskeli. Alikuwa anatafuta ngoma. Nami, Mama, nilikuwa nimekuja na mkate na sabuni.

Baba yake hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Bwana Msimamizi," alisema, "mliniambia analima. Nilimpa jembe, akapiga mara tatu akasimama. Nikageuka, hayupo, amefuata ng'ombe wa watu. Tulimtafuta siku mbili porini. Basi nami nikasema, afadhali afungwe kuliko aliwe na fisi. Ulitaka nifanyeje? Niambie wewe uliyesoma."

Nilikaa chini pale kwenye samadi na suruali yangu ya safari. Nikamwambia, mzee, kosa si la Shija wala lako. Kuna jambo nililotakiwa kukufundisha, nikalificha ili nipigiwe makofi. Nililia, sikuficha. Kisha mzee akainama, akafungua fundo.

Nikaomba debe tupu la mafuta ya taa liwe ngoma. Tukaenda shambani sote wanne. Unajua wewe mwenyewe kwa nini ulinikataza kugusa ngoma yako. Nilipiga. Shija akainua jembe, akalishusha, akalisimamisha hewani, akanigeukia kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Kuku wa jirani wakakimbia.

Mbula akavumilia, akavumilia, kisha akaja. "Hivyo sivyo, baba. Lete." Akaninyang'anya debe.

Miaka yote ile aliyokaa nje ya uzio wetu na karanga zake, Mama, alikuwa akikusikiliza. Alipiga mapigo yako yaleyale, pamoja na lile unalolichelewesha kidogo kabla ya kugeuza mstari. Jembe la Shija likashuka. Likashuka tena. Alikwenda mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akarudi, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Baba yake alisimama pembeni mikono nyuma. Baadaye, bila kumwambia mtu, akachukua jembe lake akaingia kwenye mstari kushoto kwa mwanawe.

Nilikaa kwao siku tisa. Nisikudanganye kwamba zote zilikuwa kama hiyo. Siku ya nne Shija alitoroka tena tukamkuta kisimani. Siku ya saba Mbula aliumwa kichwa, na mzee ndiye aliyepiga debe, vibaya, lakini si vibaya kama mimi. Shija alimlimia nusu siku, nadhani kwa heshima. Yupo kwao mpaka leo, na kamba imerudi kwa ng'ombe.

Barua ya pili kwa Kamati nimeipeleka jana, ya kweli, pamoja na zizi na kidonda. Huenda wakatafuta msimamizi mwingine, na sitawalaumu. Lakini muda wote nitakaokuwa hapa, hakuna mtu wetu atakayevuka lango hili kwenda kwao kabla mtu wa kwao hajalima naye hapa majuma matatu kamili, hata kama Kamati nzima itakuwa imesimama langoni ikingoja kupiga makofi. Nakuahidi wewe, kwa kuwa wewe huwezi kudanganywa kwa barua.

Pumzika, Mama Kulwa. Wabeja, asante kwa yote.

Kidonda cha Shija kimepona, lakini alama imebaki, duara nyeusi juu ya kifundo cha mguu. Hana kinyongo nayo. Kila mgeni akifika kwao humwonyesha, kama mtu anayeonyesha kiatu. Nilikuwapo mara moja mgeni alipouliza nani alimfanyia hivyo, na baba yake akainamisha kichwa akitaka kujibu. Nikamtangulia. Nikasema ni mimi.

Petro