Tairi Zilizoota Jua Homa Bay

Kaka Salim,

Hapa Homa Bay jua limenichoma mpaka masikio, na samaki nimekula mpaka basi. Kabla hujauliza: gari lako ni zima.

Jana asubuhi, kabla ya mbio za magari uwanjani, niliweka presha ishirini na nane tairi zote, kama ulivyonifundisha. Lakini raundi ya kwanza, kila nikikata kona ya kulia, gari lililalia ubavu wa kushoto, na pipa moja la kuonyesha njia nikaliangusha. Nikarudi nimenuna, nikaegesha palepale pa asubuhi, kando ya nyavu ambazo mama mmoja alianikia omena, dagaa wa ziwani.

Aliponiona nashika geji tena, akacheka. "Nyathina, mwanangu, asubuhi ulipima hizi za kushoto zikiwa kwa jua. Hata omena ikiwa moto inadanganya mkono, unadhani imekauka. Tunawacha ipoe kwanza, ndio tunaishika."

Tulilisukuma gari kivulini, tukanywa chai taratibu mpaka tairi zikapoa. Kulia geji ilisoma ishirini na nane. Kushoto, ishirini na tano! Kumbe niliona joto nikadhani ni upepo, nikautoa.

Nikajaza. Raundi ya pili mapipa yote yalibaki yamesimama, nami nikamaliza wa tatu, nimeridhika kabisa.

Mama yule amenifungia gunia la omena, "la mwenye gari." Liko kwenye buti. Msalimie Mama, na Jumapili ufungue gereji mapema: utaninusa kabla hujanisikia.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi