Swali la Baba Yako Ambalo Huko Wangelifuta

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, ubavuni mwa mashine,
Jumanne, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mume wangu mtoro,

Salamu kwanza, tena nyingi, maana hii ni barua na hakuna mtu wa kuzikata. Hujambo? Mwili je? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimepona, au bado unalala dirisha wazi kwa ubishi? Kazini wanakuheshimu? Nijibu moja baada ya jingine, kama unavyowajibu wengine. Mimi mzima. Goti la kushoto linanigomea nikitaka kuinuka, lakini ulimi hauumwi, utauona huko chini.

Mwandiko wangu unaujua, umelala kama mlevi. Shule niliiacha mapema, herufi sikuziacha. Mdogo wako alitaka kuniandikia nikamkatalia, kwa sababu yeye angeyalainisha maneno. Anwani yako nimeitoa kwa shangazi yako. Usimlaumu. Ulimwapisha asiseme na alijikaza kweli, ila nilimkalia jikoni kwake nikamuuliza, nikamuuliza tena, mpaka sufuria ikaungua akaona heri aseme.

Sasa nisikilize. Ile mashine ya kutotolea vifaranga uliyomuundia baba yako, ukaiunganisha na kompyuta ili iwashe na kuzima balbu za joto yenyewe, bado ipo. Najua ulidhani aliivunja. Siku mayai ya kwanza yalipoungua humo ndani, alikuambia mbele ya wateja wa vifaranga kwamba umewaua vifaranga kabla hawajazaliwa. Simtetei. Ukali ule kaurithi kwangu, lakini mimi nikitaka kumkaripia mtu nafunga mlango kwanza, hilo hakulirithi. Na wewe ukabeba begi ukaenda, bila kuaga mtu wala kuku.

Usilolijua ni hili. Kosa ulikuwa umeshalirekebisha kabla ya kuondoka, mwenyewe unajua, ila hukumwambia mtu kwa kununa. Baba yako aliiwasha tena kimyakimya, akaikalia kwenye kigoda kama anayelinda mgonjwa. Haijaunguza yai tena. Mdogo wako aliposoma mambo ya kompyuta akataka kuiandika programu upya kwa lugha wanayoijua watu wote, baba yako akamwambia kilichoandikwa na mwenyewe kisiguswe hata herufi. Tangu uondoke anakula peke yake, lakini meza ile ya kompyuta anaipangusa kila asubuhi.

Jumamosi kipimajoto cha zamani kikafa. Mdogo wako akanunua kipya. Kumbe kipya kikiandika joto kinabandika na herufi nyuma ya namba, na programu yako imezoea namba tupu. Ikaona herufi, ikagoma. Balbu zikawaka bila kuzima. Na humo ndani yalikuwamo mayai yote ya msimu, yamebakiza kidogo tu kutotolewa.

Basi baba yako akashika swichi kwa mkono. Anawasha, anachungulia kioo, anazima, anagusa trei, anawasha. Jasho linamtiririka mpaka kwenye miwani. Mimi nimekaa mlangoni. Akanituma nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Mama, haya yakifa, mashine inatoka leo. Na sitaki tena mtu anitajie kompyuta humu ndani, wala aliyeileta."

Nilimwita. Yule bwana akaja na gunia lake, akaketi kizingitini akiomba maji, macho kayakaza kwenye mashine yetu. Nilimpa maji lakini sikumkaribisha. Nilijua wazi kinachotaka kubebwa siyo bati na nyaya.

Mdogo wako akakimbilia kwenye lile jukwaa la mtandaoni ambapo watu wanaulizana maswali ya programu. Ile lugha yako ni ndogo sana, anasema wanaoijua duniani kote wangeenea benchi moja na mtu akajinyoosha. Akauliza kwa adabu, kama nilivyomfunza. Akawasalimu, akawaambia hii ni mashine ya nyumbani kwetu, programu aliiandika kaka yangu ambaye hatuko naye, mayai yanaungua, naombeni msaada.

Unajua walichofanya? Huko kumbe mtu anaruhusiwa kurekebisha swali la mwenzake, basi mmoja akaingia akafuta salamu. Akafuta habari ya nyumbani. Akafuta kaka. Akafuta hata naombeni. Akabakisha mistari ya programu na swali moja kavu kama ukuni. Mwingine akasema afupishe zaidi, aweke kipande kile tu kinachogoma. Wa tatu akamcheka kwa nini anatumia lugha ya wazee. Nikamwambia mdogo wako amjibu kwamba mzee niko hapa na aje anichekee machoni. Akasema, "Bibi, ukiwaambia hivyo watanifungia." Nikamwachia, si kwa kupenda. Baba yako bado yuko swichini. Joto likapanda, akafungua mlango wa mashine. Likashuka kupita kiasi, akafunga. Nilimsikia akiyaambia mayai yavumilie.

Ndipo jibu likaja. Mdogo wako akatusomea kwa sauti huku akitufasiria. Fupi, halina salamu: ikate herufi kwanza, ndipo uisome namba. Mstari mmoja tu. Chini yake, kama mnavyofanya wenyewe, huyo mtu akaweka mfano wa kubuni ili muulizaji aelewe. Ulikuwa orodha ya uzito, namba na neno kilo vimeshikana, na mbele ya kila namba jina. Akasoma Kibogoyo. Akasoma Mjane. Alipofika Mkorofi akageuka kunitazama.

Mume wangu, kuku wangu niliowapa majina kwa mdomo huu wanajulikana na nani huko duniani?

Baba yako aliondoa mkono kwenye swichi, akavua miwani, akatoka nje kwenda kuwapa kuku chakula. Kuku walikuwa wameshakula. Swichi nikaishika mimi. Mdogo wako akauchapa ule mstari huku kamasi zinamtoka, akakosea, akafuta, akachapa tena. Mara balbu zikazima zenyewe. Tukangoja. Zikawaka zenyewe. Nikamwambia mtu wa vyuma aende zake, akaondoka na gunia tupu amevimba kama mtu niliyemwibia.

Baba yako aliporudi alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wako, anaitazama ile skrini. Kisha akasema, "Mwulizeni huyo fundi kama amekula."

Mdogo wako akamjibu taratibu, "Baba, swali kama hilo huku wanalifuta. Watasema liko nje ya mada."

"Kwani hawa watu mada yao ni nini?" baba yako akasema, akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sasa nikukaripie vizuri. Mdogo wako kanionyesha majibu yako huko, yamejaa ukurasa hadi ukurasa. Mtu hajui kupanga majina kwa herufi, unamwelekeza. Mtu ana faili lenye mistari mitupu, unamfutia. Mwingine kasahau kufunga mabano, akauliza kwa kiburi, ukamjibu kwa upole, akabisha, ukamrudia tena. Uvumilivu huo wa kuwapa watu usiowajua hata sura umeutoa wapi, na sisi umetunyima kwa nini? Simu ya bibi yako inaita mpaka inachoka. Mtu wa bara jingine akikosa koma, wewe huyo umeshafika.

Tena nina swali jingine na usinizungushe. Ulijua ni sisi? Kama hukujua, basi majina ya kuku wa kwetu ndiyo yanayokujia ukiwa umekaa peke yako unabuni mfano, na mtu wa hivyo hana haki ya kujifanya amesahau kwao. Na kama uliitambua mistari yako mwenyewe, ukatuwekea Mkorofi makusudi, basi ulikuwa unabisha hodi. Nani anabisha hodi halafu anakimbia? Kwa vyovyote umekamatika.

Umeandika chini ya jibu lako kuuliza kama limefaa, na kwamba likifaa tuweke ile alama ya kukubali. Limefaa. Ninapoandika hapa kuna yai limetoboka, mdomo unaonekana, kanapiga kelele utadhani kananidai. Lakini alama haijawekwa. Mdogo wako alitaka kuibonyeza Jumamosi ile ile nikamshika mkono. Amekasirika, anasema huko ni utovu wa adabu. Nikamwambia waliofuta salamu zake wasitufundishe adabu.

Baba yako hajaniomba nikuite, nisikudanganye. Ila simu yake ameihamishia mfuko wa shati, anasema mfuko wa suruali haisikiki. Namba ni ile ile. Na kila akipita pale kwenye kompyuta anaangalia kama umeandika kitu kingine, kisha anajifanya anatafuta kitambaa.

Mjane alikufa mvua zilizopita, mtoe kwenye mifano yako. Kibogoyo anataga kwa nadra. Mkorofi amezeeka na bado anadonoa wageni miguu. Wewe atakudonoa, jiandae, umeshakuwa mgeni.

Mdogo wako anakusalimu na amekuwa mtu mzima, usimwite tena Kidomo mbele za watu. Shangazi yako anakusalimu na anaomba msamaha, mimi siombi. Baba yako salamu hajatuma. Ametuma lile swali, nalo unalijua. Usinijibu mimi kwa karatasi. Mpigie yeye, umwambie kwa mdomo wako kama umekula na umekula nini. Akianza kufoka mwache afoke, hiyo ndiyo salamu yake, hata mimi hunisalimu hivyo. Mkimaliza kuongea, alama ataibonyeza mwenyewe, kwa kidole kile kile kilichoshinda kwenye swichi.

Mungu akuweke, akupe usingizi, akuzungushie watu wanaokuuliza hali kabla ya kukuuliza kazi.

Nikupendaye hata ukinuna,
Mke wako wa kwanza, Bibi.