Masaa Matano Mpaka Lyon

Mdogo wangu Zawadi,

Mwaka unakaribia kutimia tangu utuache, na mimi niko palepale kwenye saluni yangu karibu na soko la Warwick huku kusini, nasuka. Viza imetoka. Nitatua Brussels kwa mdogo wetu Dieudonné, kisha tuje wote Lyon kumaliza matanga. Unajua kwetu nguo nyeusi hazivuliwi mpaka ndugu wa tumbo moja wakae pamoja. Tumebaki wawili.

Sasa, njia. Niliipima Ulaya kwa kipimo cha kwetu. Brussels mpaka Lyon nikaona ni kama Kalemie mpaka Lubumbashi: siku tatu treni ikiwa na moyo mzuri, wiki ikinuna. Nikaanza kutafuta samaki wakavu wa kula njiani. Mwalimu Wanjiru, Mkenya anayekuja na gari lake kutoka Westville kusukwa, alisoma huko Ulaya. Alicheka mpaka nikaachia kichwa chake.

"Mama Neema, ni masaa matano na treni. Hizi nywele zangu tu zinachukua zaidi."

Akili ni nywele, nami siku hiyo nilikuwa kipara. Akanieleza yote. Ndege inachukua muda wa saa moja na nusu, lakini unatakiwa uwanjani mapema, unashushwa nje ya mji, na mizigo wanaipima kilo kwa kilo. Basi ni bei nafuu na linabeba masanduku yako yote, ila unakaa humo siku nzima, na miguu yangu unaijua inavyovimba. Treni unapanda katikati ya mji, unabadilisha Paris, unashuka katikati ya mji. Nikachagua treni.

Halafu mkono ukasimama kwenye nywele za watu. Zile siku tisa ulizolazwa, sote tulimtetea Dieudonné kwa kutokuja. Tulisema maskini, njia ndefu, hatawahi. Kumbe masaa matano. Nilikasirika, Zawadi, nikampigia simu siku hiyohiyo nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hakubisha na mimi dada yake mkubwa. Alisema wakati ule hakuwa na karatasi za ukaazi. Alikwenda stesheni mara mbili, tiketi mfukoni, akakuta polisi wanauliza watu vitambulisho, akarudi nyumbani.

"Niliogopa, Yaya. Zawadi alijua, nilimuambia."

Sasa amepata kadi yake, mwezi uliopita tu. Hasira ikaniisha, ikabaki aibu, na aibu hiyo si yake. Maana mimi ndiye niliyekupigia hospitali nikakuambia, "Usimungoje Dieudonné, iko mbali, ni siku tatu." Sauti yako ilikuwa imekwisha, lakini uliitikia, "Ni kweli, Yaya, iko mbali." Wewe uliyeishi Lyon miaka minne. Ulimfunika mdogo wetu asiaibike, ukanifunika na mimi na ujinga wangu, na ulikuwa unamtaka aje. Hilo linaniuma kila ninapokumbuka.

Siku ya matanga nitasimama mbele ya shemeji, mume wako, na watu wa kanisa niseme kosa langu lote. La Dieudonné atalisema mwenyewe akitaka.

Pumzika, mdogo wangu. Tunakuja wawili, na treni ya asubuhi. Safari hii mtu akikuambia njia ni ndefu, usimkubalie.

Yaya yako