Sauti Iliyomo Kwenye Wimbo wa Kalrao

Kijijini Pango, 23 Juni 2019

Mdogo wangu mpendwa Obed,

Pokea salamu zangu, za Mama na za wote hapa nyumbani. Sisi ni wazima wa mwili. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini ameanza tena kwenda shambani, na juzi alirudi na mzigo wa viazi vikuu uliomshinda Shangazi Leiwi kuunyanyua. Wewe je, hali yako? Tunasikia huko Hastings barafu inalala juu ya nyasi mpaka saa tatu, na mnapogoa mitufaha vidole vikiwa vimekufa ganzi. Soksi nilizompa Wilkins, anayekuja kazini huko kwenu, ni zako zote, jozi sita, usimgawie mtu. Barua hii na flashi iliyofungwa kwenye kitambaa vinakuja naye pia, kwa sababu nina maneno ambayo siwezi kuyasema kwenye simu Mama akiwa ameketi karibu.

Uliniomba nikueleze siku mia za matanga ya ndugu yetu zilivyokwenda, kwa kuwa mkataba haukukuruhusu kuja kumzika. Tena ukaniomba wimbo wake wa mwisho. Nitakueleza kwa utaratibu. Nivumilie, unanijua mimi hukunja shuka kwa kuanzia pembeni.

Siku tuliyomzika Kalrao, Mjomba Tarip alisimama mlangoni akasema uwanja wetu hautasikia muziki mpaka siku ya mia. Redio, gitaa, hata simu ya mgeni ikilia kwa wimbo, marufuku. Wanaume wakaacha kunyoa. Najua hata wewe hukunyoa, na wenzako wa kisiwa cha Tanna wakakuita mbuzi wa matufaha. Mama alicheka sana aliposikia hilo, halafu akalia. Kisha Mjomba akasema neno ambalo hakuna aliyelitegemea: kwamba kimya hicho kitafunguliwa na wimbo wa Kalrao mwenyewe, ule aliokuwa akiutengeneza mwezi wa Februari, wala si kingine chochote.

Shida ni kwamba wimbo ulikuwa haujakwisha. Sote tuliusikia vipande vipande kupitia ukutani alipokuwa akirudi kutoka kazini. Kwanza ngoma, halafu kinanda kinachopanda kama maji kwenye pipa, halafu sauti yake ikiuliza, “Mama, umenibakizia?” Unakumbuka alivyokuwa akisema hivyo getini tangu yuko darasa la pili, hata kabla ya kuvua viatu. Naye Mama humjibu, “Nimekubakizia sufuria, uioshe.” Siku alipojirekodi akiyasema, Mama alimchapa kwa kitambaa cha jikoni, akamwambia kwamba sasa mji mzima wa Vila utamjua kuwa ni mama mchoyo. Kalrao akasema Vila nzima itamcheza.

Rafiki yake Rexon, yule anayepiga muziki kwenye harusi, alikuja akasema atamalizia yeye. Alisema wimbo una kichwa na kifua, unakosa miguu tu. Mama akakataa. Akasema wimbo wa mtoto wake utamaliziwa na mtoto wake. Wewe uko huko, basi akanitazama mimi. Mimi, Obed, ambaye kompyuta ya Kalrao nilikuwa naijua kwa kuipangusa vumbi.

Nikaanza. Kila Jumamosi mchana Rexon alikuja kunifundisha, nami siku nyingine nikitoka kufua hotelini nilikaa kwenye kiti cha Kalrao nikajaribu peke yangu. Bado kulikuwa na duara la kikombe chake mezani, na plasta aliyoibandika kwenye kitufe kilichofutika herufi. Siku ya kwanza nilipuliza makombo ya mkate yaliyokuwa kati ya vitufe. Yalipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka kwamba yalikuwa makombo yake.

Rexon alinionyesha mstari wa visanduku kumi na sita kwenye kioo. Alisema nijaze cha kwanza, niruke vitatu, nijaze kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho, na hiyo ndiyo ngoma ya chini ambayo miguu ya watu huifuata. Nilielewa mara moja, maana shuka nalo hukunjwa mara nne, na ukikosea moja kabati zima linakaa upande. Nikafurahi, nikajaza na visanduku vingine vyote. Rexon alisikiliza, akavua hedifoni, akasema, “Dada Leinasei, hapa umetandika kama vile mkaguzi wa hoteli anakuja. Acha vingine wazi, watu wapate kupumua.” Alinifundisha kutuliza ngoma watu wangoje, kisha kuirudisha. Alisema dansi yote iko kwenye kule kungoja.

Kwa sababu ya amri ya Mjomba nilifanya kila kitu kwa hedifoni. Fikiria, nilijifunza muziki wa kuchezwa ndani ya nyumba isiyotoa sauti, na kwa siku zote hizo sikuwahi kuusikia hewani hata mara moja. Kichwa changu kilikuwa kikitikisika bila mimi kujua. Siku moja Shangazi Leiwi aliingia kuazima mbuzi ya nazi, akanikuta, akasema kwa sauti ya kanisani, “We mwana, unasinzia au unacheza dansi matangani?” Nikamwambia nasinzia. Akasema, “Basi sinzia polepole, utavunjika shingo.”

Naona haya kukuambia kwamba zilikuwapo saa nilizofurahi. Nilikuwa nikipata sauti mbili zinazopendana, nikageuka nyuma nimwite aje asikie.

Siku ya mia watu walijaa kutoka vijiji vya Erakor na Mele. Wanaume walinyolewa asubuhi, na Mjomba Tarip alipotoka bila ndevu watoto hawakumjua. Tulikuwa na laplap kumi na mbili zilizookwa ndani ya majani, za viazi vikuu na za ndizi, na nguruwe wawili, na mizizi ya kava ya kunywa wazee ilishaanza kusagwa. Rexon alileta spika zake mbili kubwa, moja akaiweka upande wa kanisa, nyingine upande wa jiko. Mjomba akaomba, akasema machache kuhusu mpwa wake, kisha akanipa ishara nibonyeze.

Kwanza tulipata aibu. Hedifoni ya Kalrao sikio la kulia lilidhoofika zamani, wala sikulijua hilo. Kengele niliyoiweka upande huo nilikuwa siisikii vizuri, kwa hiyo nilizidi kuipandisha tu. Ilipotoka kwenye spika ya jikoni, kuku waliruka na mpishi mmoja akaangusha mwiko. Shangazi Leiwi alijiziba masikio akapaza sauti, “Kalrao! Hata huko uliko bado huna adabu?” Watu wakacheka, Obed. Kwa mara ya kwanza baada ya siku mia uwanja wetu ulicheka, na Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo.

Ndipo ngoma ikatulia nilipoituliza, na sauti ikaja peke yake. “Mama, umenibakizia?”

Mama alikuwa ameketi mkekani na wanawake. Alisimama bila kushika goti. Alitazama getini, akajibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, “Nimekubakizia, mwanangu. Nimekubakizia, njoo ule.” Ngoma ikarudi, lakini hakuna aliyecheza. Wanaume waliinamisha nyuso zao zilizonyolewa. Baadaye, wimbo ulipopigwa mara ya pili, ndipo Mama mwenyewe akaanza kucheza taratibu, na wengine wakamfuata mpaka jioni.

Tangu siku hiyo ananiomba nimpigie wimbo kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Anakaa na kikombe chake cha chai, anasubiri mahali pale, anajibu. Siku nyingine humjibu kwa yale matani ya zamani ya sufuria. Halafu anaosha kikombe, anaenda shambani. Anasema sasa analala.

Rexon alipokuja kuchukua spika zake alikaa kidogo kwenye ngazi. Alisema besi ya Kalrao siku zote iliingia kama mtu anayebisha hodi, lakini hii inaingia kama mtu mwenye ufunguo. Nilijifanya sikuelewa. Alinitazama, akasema wimbo ni mzuri, akaondoka. Hajasema neno jingine, wala sidhani atasema.

Sasa Obed, kaa chini kama umesimama.

Wimbo uliomo kwenye flashi si wa Kalrao. Wa Kalrao haupo tena, na mimi ndiye niliyeupoteza.

Ilikuwa wiki ya tano. Rexon aliniambia kila nikibadilisha kitu nihifadhi kwa jina jipya ili nisiharibu cha zamani, nami nikamtii mno, mpaka kompyuta ikaandika kwamba nafasi imejaa. Nikaona nifanye usafi. Nilikuta folda moja yenye faili zisizo na majina, namba tupu, kama mia mbili hivi. Nikadhani ni takataka, kwani nani huita kitu anachokipenda kwa namba? Nikazifuta. Kisha nikafungua pipa la taka la kompyuta, nalo nikalimwaga, maana sipendi kuacha pipa limejaa. Nilijisikia vizuri, Obed. Nilijisikia mtu wa kazi.

Nilipoufungua wimbo wake, visanduku vilikuwepo, lakini ndani havikuwa na kitu. Ile programu iliandika kwamba sauti hazipatikani. Kinanda alichokipiga kwa mkono wake, na yale maneno, vyote vilikuwa kwenye zile namba. Kalrao hakuwahi kumpa mtu wimbo ambao haujakwisha, hata Rexon, kwa hiyo hapakuwa na nakala popote. Nilikaa pale mpaka Mama akaniita kula. Aliniuliza kama leo nimemsikia. Nikasema nimemsikia.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na wiki iliyofuata haikuwezekana tena, kwani Mjomba alikwisha alika watu na kila jioni Mama aliuliza, “Sauti yake bado imo?” Basi Rexon nikamwambia nimeshajua, asije tena Jumamosi, nikaujenga upya peke yangu kwa kukumbuka nilivyousikia ukutani. Ngoma na besi ni zangu. Kinanda ni changu, na hakipandi kama chake, najua. Kengele hakuwa nayo kabisa.

Na sauti ni yangu. Mchana mmoja wote walipokuwa shambani nilijifunika shuka, nikayasema yale maneno kwenye simu yangu, labda mara arubaini. Kwenye programu kuna kitufe cha kuzungusha kinachoshusha sauti ya mtu ikawa nzito. Nikaishusha kidogo kidogo. Watu walikuwa wakisema sisi watatu tukiwa gizani hatutofautishwi kwa sauti. Nilipofika mahali fulani nikavua hedifoni nikaitupa mezani, maana Kalrao alikuwa amekuja. Ningeweza kuishia hapo. Nikaivaa tena, nikahifadhi, safari hii kwa majina matatu tofauti.

Sikutaka kumdanganya Mama. Nilitaka asikose. Lakini kila asubuhi anapojibu, anajibiwa na mimi, nami nimesimama nyuma yake na kibegi changu cha kazi. Aliyekufa ananyamaza, na mimi namsemea.

Nimefikiri sana kama nikutumie wimbo nikae kimya. Ungeupokea, ungeusikiliza kwenye chumba chenu huko, ungelia vizuri, na mimi ningekuwa nimewazika ninyi wawili, wewe na Mama, katika uongo mmoja. Sikuweza. Mama nitamwambia utakaporudi Septemba, ukiwa umeketi upande wake mwingine ili kuwe na wa kumshika. Kama utaona nisimwambie kabisa, nitakusikiliza, lakini unisaidie kuubeba. Kwa sasa naendelea kumpigia kila asubuhi.

Ulisema kwenye simu yako kuna jumbe tatu za sauti alizokutumia Januari, na huthubutu kuzifungua. Usinitumie. Najua utataka, ili nizitie kwenye wimbo Mama amsikie yeye mwenyewe, nami usiku na mchana natamani iwe hivyo, lakini mkono wangu siuamini. Zinakili kwanza kwenye flashi hii pembeni ya wimbo, na mahali pengine pia, kisha uzilete mwenyewe mfukoni mwako utakapopanda ndege. Na ukiusikiliza huu wimbo, ikifika pale ngoma inapotulia, usijibu. Ni mimi tu.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae kofia. Mjomba Tarip anakusalimu, na Shangazi Leiwi anauliza ndevu ulizonyoa umezitupa wapi. Wasalimie wenzako wa Tanna. Mkikaa Jumapili kusali katika baridi hiyo, wakifika kwenye majina ya nyumbani, unikumbuke na mimi.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Leinasei