Nilichomficha daktari wa Mutai

Gakii, nimefanya kosa kubwa. Bado siamini ni mimi.

Unajua Ijumaa huwa najitolea kutafsiri pale kliniki. Leo alikuja Mutai, kijana wa mjengo, anayejenga maghorofa kule mjini Lusail, huku Uarabuni. Daktari akauliza kama amewahi kuzirai.

Mutai akaniambia, "Mara mbili, Mama Chebet, moja nikiwa ghorofa ya tisa. Lakini usimwambie, watanirudisha nyumbani."

Nikamwambia daktari hapana. Kwa mdomo wangu, hapana.

Daktari akaandika kwamba anafaa kufanya kazi juu. Mutai akanishika mkono: "Mungu akubariki, mama."

Hiyo baraka ndiyo inanichoma.

Kesho asubuhi anapanda tena. Nimemsihi asiende, amenicheka.

Narudi kliniki kabla daktari hajatoka. Mutai akinilaani, na anilaani akiwa mzima.